Kikohozi cha Mbao

Bi Desderia Ngailo alifika nyumbani kwa Onesmo Kivamba, Iringa mjini, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi, akiwa na kikapu cha ukindu na daftari la shule lililovishwa jalada la gazeti. Onesmo alikuwa katikati ya kurekodi. Mezani mbele yake ilikaa miwani iliyotoka mwezi uliotangulia, miwani inayomwandikia kiziwi kwenye kioo kila neno analoambiwa, naye alikuwa akiwaeleza wafuasi wake laki sita kwamba kwa mwezi mzima ilimkosea mara nane tu, tena sokoni, penye kelele.

Kipindi chake kiliitwa Nimekitumia. Alikifanya kwa miaka kumi na mmoja, na sharti lake lilikuwa moja: hakisifu kifaa wala huduma ya simu mpaka aishi nayo mwezi mzima. Hakupokea zawadi ya kampuni yoyote. Ndiyo maana watu wa nyanda za juu walimwamini. Mtu alikuwa akiingia dukani, akionyeshwa simu au taa au saa ya mkononi, anauliza kwanza, "Onesmo amesemaje?"

Alimkaribisha mgeni, akamwamkia, akamwekea kiti. Hakumjua.

"Mimi nilikuwa mtaalamu wa maabara," Bi Desderia alisema. "Zahanati moja kule Mufindi. Miaka ishirini na sita nimepima makohozi. Ilipokuja hii Kohoa ya kwenye simu, wakasema maabara haina kazi tena. Mimi nikapumzishwa, hadubini yangu ikaandikwa chakavu ikatupwa stoo. Nikaiomba, wakanipa. Iko nyumbani."

"Pole, mama."

"Sikuja kwa ajili ya pole. Nimekuja na majina."

Alifungua daftari. Kulikuwa na watu ishirini na watatu, kila mmoja na umri wake, kijiji chake, kazi yake na tarehe aliyofariki. Mbele ya kila jina kulikuwa na safu ya mistari midogo ya kalamu ya kijani.

"Hiyo mistari ni nini?"

"Ni mara ambazo Kohoa ilimwambia kwamba ni mzima."

Onesmo alisoma safu ya kazi kutoka juu hadi chini. Mchana mbao. Mbeba magogo. Mchana mbao. Mzoa maranda. Mnoa misumeno. Wote ishirini na watatu walikuwa watu wa viwanda vya mbao vya Mafinga na vijiji vya jirani.

"Wote walikufa kwa TB?"

"Wanane niliwapima mwenyewe jikoni kwangu, walipokuwa hawawezi hata kukaa. Wote wanane walikuwa nayo. Hao wengine sikuwahi."

Onesmo aliweka daftari mezani taratibu. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Aliifahamu Kohoa kuliko watu wengi. Mtu alipiga namba fupi, hata kwa simu ya vitufe, akakohoa mara tatu, akakata. Mitambo ya kampuni ya Afyasauti ililinganisha kile kikohozi na mamilioni mengine iliyokwisha kuyasikia, na kabla ya dakika moja ujumbe ukarudi: kijani, mapafu salama; njano, rudia baada ya wiki; nyekundu, nenda hospitali leo. Mwaka wake wa kwanza iligundua wagonjwa ambao wasingetembea kilomita arobaini kutafuta zahanati. Onesmo aliisifu, na ilistahili.

Ila alikuwa na lalamiko moja. Kule Mafinga, kwao, ilikuwa ikimpa nyekundu kila mtu wa mbao. Vumbi la mbao lilikuwa limewakwaruza vifua, na mashine ilisikia ule mkwaruzo ikadhani ni ugonjwa. Wanaume walipoteza siku za kazi, wakasafiri hadi Iringa, wakapimwa, wakakutwa wazima, wakarudi wanatukana. Onesmo aliwaandikia Afyasauti barua ya kurasa mbili. *Ifundisheni kikohozi cha mbao*, aliwaambia. Wakaifundisha kwa siku tisa. Akafanya kipindi kizima cha furaha, akasema hivi ndivyo teknolojia inavyotakiwa kumsikiliza mwananchi.

"Mwanangu," alisema Bi Desderia, "kile kipindi nilikisikia. Nimekuja kukuuliza tu. Ulipowaambia waifundishe, ulijua waliifundisha nini?"

Onesmo alilivuta daftari karibu, akaanza kulisoma tena kuanzia jina la kwanza.

*

Mtu pekee ambaye Onesmo alimjua ndani ya Afyasauti alikuwa Salha Makame, msimamizi wa huduma hiyo, mwanamke wa Unguja aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Alimpigia mchana uleule, Bi Desderia akiwa amekaa pembeni. Alimsomea majina matano ya mwanzo.

Salha alimwacha amalize la tano. Halafu akasema, "Tunajua, kaka Onesmo. Tunajua tangu Machi."

"Machi! Huu ni Juni."

"Nisikilize kwanza. Tulipoifundisha kikohozi cha mbao, ilikielewa kupita kiasi. Simu ikiwa inapiga kutoka eneo la viwanda, na kifua kina ule mkwaruzo, basi inasema ni vumbi. Chini ya vumbi kukiwa na kitu kingine, haiangalii tena. Kurekebisha kunahitaji sauti za watu wa mbao wenye TB iliyothibitishwa maabara. Nyingi."

"Si mzitafute?"

"Wa kututhibitishia walikuwa watu wa maabara za wilayani. Maabara zimefungwa." Sauti yake ilishuka. "Zimefungwa kwa sababu yetu. Tumeomba kibali cha kupeleka wapimaji wetu. Wiki kumi, tukiharakisha."

"Basi irudisheni ilivyokuwa zamani."

"Watakuwa wekundu wote, kama ulivyolalamika mwenyewe. Na siku hizi viwanda vinadai ujumbe wa kijani kila Jumatatu ndipo mtu aingie kazini. Tukiirudisha, tumewafungia geti watu elfu tisa kwa siku moja."

"Basi nitasema. Nitawatangazia."

"Unaweza." Salha hakupandisha sauti. "Ukisema leo, wizara itaizima kesho nchi nzima, kwa sababu hakuna waziri atakayesubiri kuulizwa. Kohoa inakamata wagonjwa mia nne kila wiki kwenye mikoa yenu tu. Wakulima, akina mama, watoto. Kwao haikosei. Ikizimwa, hao mia nne wa wiki ijayo watapimwa na nani? Niambie, kaka. Kama una jibu, naacha kazi leo nakuja kukusaidia kutangaza."

Alipokata simu, Bi Desderia alikuwa amekwishafunga daftari.

"Amesema kweli?" Onesmo akamuuliza.

"Kuhusu hao mia nne? Kweli kabisa," alisema yule mama. "Ndiyo maana nimekuja kwako badala ya kwenda redioni. Peke yangu nimeshindwa kuamua."

*

Onesmo alikuwa na kaka mmoja tu, Atilio, mkubwa wake kwa miaka minane, aliyeendesha msumeno mkubwa kwenye kiwanda cha mbao nje kidogo ya Mafinga. Ijumaa alimpigia, hakupokea. Jumamosi akapokea mkewe, Fausta, akasema shemeji usihofu, kaka yako amelala, ni hii baridi. Jumatatu alfajiri Onesmo alimchukua Bi Desderia, aliyekuwa amebaki mjini kwa ndugu zake, wakaondoka.

Walifika saa moja kasoro. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya miti ya misindano, na harufu ya utomvu ilikuwa kali. Wanaume kama sitini walipanga mstari mbele ya geti, kila mmoja ameshika simu karibu na mdomo. Walikohoa mara tatu, mmoja baada ya mwingine, wakasubiri, wakamwonyesha mlinzi kioo chenye rangi ya kijani, wakapita. Kwa muda wote ule hakuna aliyepata rangi nyingine.

Atilio alikuwa wa kumi kutoka mwisho. Onesmo alimtambua kwa koti. Mwili uliokuwa ndani ya lile koti haukuwa ule aliouacha Krismasi.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene, mdogo wangu! Umekuja kutupiga picha?" Atilio alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja hadi akashika mti wa uzio.

"Umekonda sana."

"Baridi, na kazi." Zamu yake ilifika. Alikohoa kwenye simu mara tatu, kwa nidhamu, kama mtu anayesaini karatasi. Sekunde zikapita. Kijani. Akamgeuzia Onesmo kioo cha simu huku anatabasamu. "Unaona? Chombo chako hiki. Kila Jumatatu nikitaka kuogopa, kinaniambia acha uoga."

"Usiingie kazini leo."

"Una wazimu? Kwa ujumbe wa kijani nitamwambia nini msimamizi?"

"Mwambie mdogo wako amekuja anaumwa."

Atilio alimwangalia usoni, halafu akamwangalia yule mama mgeni aliyesimama nyuma yake na kikapu. Akatoka kwenye mstari.

Bi Desderia aliishi vijiji viwili mbele. Hadubini yake ilikaa dirishani, jikoni, juu ya meza iliyosuguliwa kwa sabuni mpaka mbao zikawa nyeupe. Alimpa Atilio kikopo, akamtuma nyuma ya nyumba, kwenye upepo. Kisha akapaka makohozi kwenye kipande cha kioo, akakikausha juu ya moto wa taa, akakimwagia rangi nyekundu, akakipasha, akakisuuza, akakimwagia rangi ya buluu. Onesmo, aliyekuwa ameshika mikononi mwake karibu kila kifaa kipya kilichoingia nchini kwa miaka kumi na mmoja, alisimama mlangoni akiangalia kifaa chenye umri wa miaka hamsini.

Bi Desderia aliinama juu ya hadubini. Hakukaa hata dakika mbili.

"Njoo uone," alimwambia Onesmo.

Vilikuwa vijiti vyembamba vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Havikuhitaji kutafutwa. Vilijaa kila mahali alipotazama.

*

Hospitali walimpokea siku ileile. Daktari alisema pafu la kulia limeliwa zaidi ya nusu na la kushoto lina vumbi la miaka ishirini, kwa hiyo dawa itafanya kazi lakini mwili hauna pa kuegemea. Fausta alipimwa, akakutwa mzima. Binti yao wa miaka sita alikuwa na TB, bado changa, akaanzishiwa dawa.

Onesmo hakutangaza. Kila asubuhi aliwasha mtambo wake wa kurekodi, akaketi mbele yake, akafikiria wale mia nne, akauzima. Akajiambia ipo njia ya kati. Yeye na Bi Desderia wangepita kiwanda kwa kiwanda kimyakimya, wakawapima watu, wakawapeleka wagonjwa hospitali bila kuitaja Kohoa, mpaka zile wiki kumi ziishe.

Viwanda vilikuwa zaidi ya themanini. Sita viliwafungulia geti. Vingine vilisema wafanyakazi wetu wote wana kijani, mnatafuta nini? Kwa siku kumi na moja, kutwa nzima, Bi Desderia alipaka vioo mpaka vidole vikawa vyekundu visivyosafishika, na wakapata wagonjwa kumi na tisa. Onesmo aliwapeleka kwa gari lake mwenyewe. Kila alipomshusha mmoja, alijaribu kutopiga hesabu ya viwanda vilivyobaki.

Jioni ya siku ya kumi na moja alikwenda kumwona kaka yake. Atilio alikuwa na mpira wa hewa puani na alizungumza kwa vipande.

"Umeshawaambia watu?"

"Bado, kaka."

"Kwa nini?"

Onesmo alimweleza. Alimweleza kila kitu, na barua ya kurasa mbili pia, maana hakuwa amewahi kumwambia kwamba ni yeye aliyeomba. Alimweleza habari za mia nne kwa wiki, za wizara, za wiki kumi. Ilimchukua muda mrefu, na alipomaliza alijisikia kama mtu aliyekuwa akijitetea mahakamani.

"Hao mia nne," Atilio alisema, "unawajua majina?"

"Hapana."

"Mimi unanijua."

Onesmo alimrekebishia mpira wa hewa puani.

"Sikulaumu kwa ile barua," Atilio aliendelea, akivuta hewa kila baada ya maneno mawili. "Kile kipindi tulikisikiliza pamoja kiwandani. Tulipiga makofi. Nilijisifu mbele ya wenzangu, nikasema mdogo wangu huyo." Akapumzika. "Ila leo ni Ijumaa. Jumatatu watakohoa tena. Wewe unajua, wao hawajui. Hapo ndipo nakulaumu."

Alifariki kesho yake, Jumamosi, saa sita mchana, Onesmo akiwa ametoka kununua maji.

Walimzika Jumatatu. Wenzake wa kiwandani walikuja wote, kwa lori la magogo, na ndio waliochonga jeneza, wakalipiga randa mpaka likang'aa. Kaburi lilifukiwa, maua yakawekwa, mchungaji akaomba. Kisha msimamizi wa kiwanda alisimama kando ya kaburi, akatoa pole kwa familia kwa sauti ya huzuni ya kweli, na mwisho akawakumbusha vijana wake kwamba zamu ya mchana ipo, na kila mmoja awe na ujumbe wake kabla ya kupanda lori.

Wakatoa simu. Wanaume hamsini na kitu walisogea pembeni, kwa heshima, wakawapa mgongo wafiwa, wakaanza kukohoa. Mara tatu kila mmoja. Rangi ya kijani ikamulika mikononi mwao. Fausta, aliyekuwa amekaa chini na wanawake, aliinua uso akawatazama. Kisha akamtazama Onesmo, na hakuondoa macho.

*

Alitangaza kesho yake saa mbili asubuhi. Hakuficha kitu. Alisoma majina ishirini na matatu, akaongeza la kaka yake, akasoma barua yake yote neno kwa neno, akasema ni yeye aliyeomba na ni yeye aliyenyamaza siku kumi na tisa baada ya kujua. Akawaambia watu wa mbao wasiamini kijani. Akawaambia wengine wote waendelee kuitumia, kwa sababu kwao haikosei. Hili la mwisho alilirudia mara tatu.

Hakuna aliyelisikia. Kufikia mchana kipande cha sekunde kumi na tano kilikuwa kimekatwa na kusambaa: *msiamini kijani*. Wizara ilizima Kohoa siku ya tatu, nchi nzima, mpaka uchunguzi ukamilike. Baadhi ya wafuasi wake waliandika kwamba amenunuliwa na kampuni pinzani. Wengine waliandika maneno ambayo aliyasoma yote, moja moja, kwa sababu aliona hana haki ya kuyaruka.

Viwandani mambo hayakwenda kama alivyotarajia. Geti halikuwa na ujumbe wa kumruhusu mtu, hivyo wasimamizi walitumia masikio yao. Aliyekohoa mstarini alirudishwa nyumbani, na baada ya siku tatu nafasi yake ilipewa mwingine. Watu wakajifunza kukizuia kikohozi. Walimeza maji ya moto, walitafuna tangawizi, walishika pumzi mpaka wapite geti. Hakuna aliyetaka tena kuonekana nyumbani kwa Bi Desderia, maana kuonekana pale kulikuwa kukiri ugonjwa.

Kutoka vijijini, hata hivyo, walikuja. Walitoka Makete, Kilolo na Ludewa, watu ambao Kohoa ingewajibu kwa dakika moja. Walikaa uani kwa yule mama tangu alfajiri wakiwa wamejifunika mablanketi, na yeye akapima wengi kadiri mikono yake ilivyoweza. Wiki ya tatu rangi nyekundu ikaisha. Aliagiza nyingine Dar es Salaam, akaambiwa wilaya zote zimeagiza kwa pamoja, asubiri. Alitoka uani akawaambia warudi makwao.

"Nimewaambia warudi, Onesmo," alimweleza kwa simu. "Kuna mmoja amebebwa mgongoni na mumewe tangu Kilolo. Sikuwa na cha kumpimia. Nilimsikiliza kifua kwa sikio langu, nikaona anayo, ila sikio si cheti, na hospitali bila cheti wanasema asubiri foleni."

"Nakuja kumchukua."

"Wameshaondoka."

Wiki iliyofuata Onesmo alipata ujumbe kutoka kwa yule mume wa Kilolo. Jina lake hakulitaja. Aliandika kwamba alikuwa mwalimu, kwamba mkewe alikuwa akipiga Kohoa kila mwezi kwa sababu mama yake alikufa kwa TB, kwamba mwezi huu alipopiga hakujibiwa. *Alikuwa haendeshi msumeno*, aliandika. *Alikuwa analima viazi. Wewe ndiye uliyeizima. Amezikwa juzi.*

Onesmo hakumjibu. Alitafuta neno moja la kubisha katika ule ujumbe na hakuliona. Aliendelea kuutafuta ukweli mwingine kwa siku kadhaa, ameketi chumbani, miwani ya viziwi na vifaa vingine vikiwa bado kwenye maboksi, na kila alipofika mwisho wa hesabu alikuta wafu pande zote mbili. Kama angesema siku ile ya Alhamisi, mke wa mwalimu angekufa vilevile. Kama asingesema kabisa, wanaume wa kwenye lori wangekuwa bado wanaonyeshana kijani. Hakukuwa na siku ambayo angefungua mdomo na watu wote wakabaki hai. Siku hiyo ilikuwapo mara moja tu, miaka miwili nyuma, alipokuwa akiandika ile barua, na siku hiyo alikuwa na furaha.

*

Salha alipiga mwezi wa Agosti.

"Wameturuhusu kuifundisha upya," alisema. "Wizara itasimamia. Tukifaulu, itawashwa kabla ya mvua. Lakini tunahitaji sauti za watu wa mbao waliothibitishwa. Wale kumi na tisa mliowapima wamekubali wote. Hawatoshi. Wale wanane wa kwenye daftari la Bi Desderia, sauti zao tunazo, kila Jumatatu, mpaka mwisho. Sheria inataka neno la familia." Akasita. "Na kaka yako. Yeye ndiye mwenye sauti nyingi kuliko wote. Jumatatu hamsini na moja, mfululizo. Unasikika ugonjwa unavyoingia."

Familia nane alizitembelea pamoja na Bi Desderia. Tano zilikubali. Mbili zilikataa. Moja iliwafukuza. Kwa Fausta Bi Desderia alisema, "Huko nenda mwenyewe."

Alimkuta uani, saa tano, jua limetoka, anapembua maharage kwenye ungo. Tangu mazishi hakuwa amefika pale. Fausta hakusimama, ila alimwonyesha kigoda. Onesmo alimweleza kila kitu bila kupamba: nini kinatakiwa, kwa nini, na watu wangapi watasikika baadaye ikifundishwa sawasawa.

Fausta alipembua maharage mpaka akamaliza ungo mzima.

"Walimsikiliza mwaka mzima," alisema. "Kila Jumatatu alikuwa anawakoholea. Wakasema mzima. Sasa amekufa ndiyo wanataka kumsikia?"

"Ndiyo."

"Unayo hapo sauti yake?"

"Ipo. Wamenitumia."

"Nisikilizishe."

"Shemeji, hakuna haja ya..."

"Nisikilizishe, nijue ninatoa nini."

Onesmo alitafuta ya mwisho, ile ya Jumatatu ya mstarini, akaibonyeza. Kikohozi cha Atilio kikatoka kwenye simu, kirefu, kinakwaruza, na chini ya mkwaruzo kitu chenye majimaji ambacho mtu yeyote mwenye masikio angekisikia. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Ndani ya nyumba kitu kilianguka. Binti yao alitoka mbio, miguu mitupu, akapita katikati yao bila kuwaona, akaenda hadi kwenye uzio, akashika mti, akachungulia barabarani upande wa kiwandani. Kikohozi cha tatu kilitokea nyuma yake. Akageuka. Akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwa baba yake mdogo.

Fausta aliichukua ile simu. Onesmo alimwonyesha pa kubonyeza kukubali, naye akabonyeza kwa kidole gumba mara moja, kwa nguvu, akaendelea kukikandamiza hata baada ya mashine kukubali.

"Wachukue," alisema. "Waifundishe hiyo mashine ipate kusikia. Wake za wenzake wasiyaone haya."

"Asante, shemeji."

Alimrudishia simu, akainuka, akaenda kumbeba mtoto pale uzioni. Mtoto alikuwa bado anatazama ile simu. Fausta alipita naye hadi mlangoni, akasimama pale bila kugeuka.

"Onesmo," alisema. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yake hakuwa amewahi kumwita kwa jina. "Kuanzia leo ukipita barabara hii, pita tu. Usipige hodi hapa."

Akaingia, akaurudisha mlango.